Baraza la kwanza la kuchaguliwa katika muji wa Elisabethville

Tukisema juu ya uhuru wa inchi yetu, tunazoea kuanza na tarehe 30 juni 1960. Lakini kwa watu wa Katanga kuna siku nyingine isiyofaa kusahauliwa, nayo ni tarehe 22 desemba 1957. Ilikuwa siku ya Mungu, ya ine ya Majilio. Mapadri wazee watakumbuka Evanjili ya siku ile katika misale ya zamani: Luka mutakatifu anahesabu wakubwa mumoja mumoja, Kaisari Tiberio, Ponsio Pilato, Herode na wengine, kiisha anasema neno la Mungu lilimufikia Yoane jangwani. Kati ya wakubwa wale, hakuna aliyechaguliwa na watu wa Yudea. Elisabethville vilevile: tangu muji ulipoanza katika mwaka 1910, mweusi hakuulizwa nani amutawale. Siku ile akaulizwa, kwa mara ya kwanza.

Tuangalie kwanza muji wenyewe, kwa maana mambo yote yaliyofuata yalitoka pale. Union Minière iliundwa katika mwaka 1906, na gari la moshi lilifika toka Rodezia katika mwaka 1910. Shaba ilikuwa nyingi, mikono ilikuwa michache. Walamba, wenyeji wa pahali pale, hawakuwa wengi, na kazi ya machimbo haikuwapendeza. Basi, watafutaji wa wafanyakazi walienda Rodezia, kiisha Kasai, Maniema, hata Rwanda na Urundi. Njia ya gari la moshi ya B.C.K. ilipofika Port-Francqui katika mwaka 1928, watu wa Kasai walipata njia rahisi ya kuja. Wengi wao walikuwa wamesoma kwa mapadri, wakawa makarani na wafanyakazi wa gari la moshi. Wakaaji wa sité walitoka pande zote, wakapatana katika luga isiyokuwa ya mama wa mutu yeyote. Ni hii tunayoandika hapa.

Kwa kutawala watu hao, Leta ilitunga dekreti ya mwaka 1931 juu ya miji ya weusi iliyo inje ya desturi za kabila. Ilikuwa na chefu na baraza lake, lakini wote waliwekwa na Leta, na Leta iliweza kuwaondoa. Watu walipata masikilizano ya hukumu na mambo ya ndoa, hawakupata uwezo.

Katika mwaka 1956 maneno mapya yalianza kusikilika. Tarehe 29 juni Maaskofu wa Kongo walitangaza wazi kwamba wenyeji wana haki ya kushiriki katika utawala wa inchi yao. Siku chache nyuma, wakristu wa Léopoldville, pamoja na padri Joseph Malula, walitoa tangazo la «Conscience Africaine», na katika mwezi wa agosti Abako ilijibu kwa nguvu zaidi. Leta ilijibu kwa dekreti ya tarehe 26 marsi 1957 juu ya miji. Miji tatu ilianza: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville.

Mupango ulikuwa hivi. Elisabethville iligawanywa katika komini tano. Moja, yenye jina la muji, ilikuwa ya Wazungu. Ine zilikuwa za weusi: Albert (leo Kamalondo), Kenya, Katuba na Ruashi. Kila komini ilikuwa na baraza lake na burgumestre wake. Juu ya komini zote lilikuwa baraza la muji, ambamo maburgumestre walikaa pamoja na washauri wengine, hata wale waliowekwa na Leta. Mukubwa wa muji, burgumestre wa kwanza, hakuchaguliwa: alikuwa Mubeleji, mutu wa Leta. Na wapigaji kura? Wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Wanawake hapana. Na Leta haikupenda hata neno «uchaguzi». Ilisema ni «kushauriana na watu», kwa sababu ilijiwekea haki ya kukubali ao kukataa. Kwa mawazo yetu, waliotunga sheria ile walitaka kumupa mutoto kisu cha mbao.

Lakini kisu kilikata. Léopoldville, ambako watu walipiga kura tarehe 8 desemba, Abako ilishinda sana, na Kasavubu akawa burgumestre wa Dendale. Elisabethville mambo yalikuwa mengine. Watu walifuata vyama vya kabila, vile vilivyozoea kuzika wafu na kupokea wageni kwenye stasio. Makabila ya Katanga, Walunda, Wayeke, Wabemba na wengine, waligawanyika. Watu wa Kasai walisimama pamoja. Kisha kuhesabu kura, ikaonekana kwamba maburgumestre wane wa weusi walitoka Kasai na Kivu. Wa Katanga, hata mumoja!

Hapa tusihukumu mbio. Wale wane hawakuiba kitu: walichaguliwa na jirani zao, kwa sheria. Na wale waliolalamika hawakuwa wabaya wote: walijiona wageni katika inchi ya babu zao, ambamo Kampuni ilileta watu bila kuwauliza. Kosa kubwa lilikuwa la wale waliojenga muji kama kambi ya kazi miaka 47, kiisha wakawaambia watu siku moja: chagueni. Nasi wa Kanisa tusijisafishe. Tulijua kubatiza mutu wa kila kabila, lakini katika parokia nyingi tuliwaacha wasali kila mumoja na watu wake, hata kwaya iligawanywa kwa luga.

Matokeo yalikuja upesi. Katika mwezi wa oktoba 1958 vyama vya makabila ya Katanga viliungana, vikawa Conakat. Raisi wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, nyuma yake Moïse Tshombe. Waluba wa Katanga, na Jason Sendwe, waliingia, kiisha wakatoka katika mwaka 1959. Tarehe 11 julai 1960 Katanga ilijitenga. Katika mwaka 1961 makumi elfu ya Waluba walikimbilia kambi ya ONU kando ya Elisabethville, wengine waliacha nyumba zao katika komini zile walizochagua washauri. Na katika miaka ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walifukuzwa tena, sana sana Likasi (ndiyo Jadotville ya zamani) na Kolwezi. Familia nzima zililala kwenye stasio kwa kungojea gari.

Wakati wa Mobutu komini iliitwa «zone», na mukubwa wake «commissaire». Sheria ya tarehe 7 oktoba 2008 ilirudisha komini mapashwa yake: watu wanachagua washauri, washauri wanachagua burgumestre, na baraza la muji linachagua mukubwa wa muji. Tarehe 20 desemba 2023, siku mbili tu mbele ya kutimiza miaka 66, watu wa Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi walipiga tena kura kwa kuchagua washauri wa komini. Mara hii vijana wa miaka 18 walikuwa katika mustari, na mama zao pia.