Maisha ya Mtu Asiyeacha Waraka

Kisiwa cha Songo Songo kimeelekea pwani ya Kilwa, na bara ya pwani hiyo ndiko viliko vilima vya Umatumbi. Huko, mwishoni mwa Julai 1905, watu waling'oa pamba iliyolimwa kwa amri ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwenye maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti.

Kuandika maisha ya mtu kama huyo ni kazi nzito. Hakuacha waraka, na nyaraka zilizobaki ni za serikali iliyomnyonga. G. C. K. Gwassa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliikabili kazi hiyo kwa kuwasikiliza wazee. Mwaka 1968 yeye na John Iliffe walitoa kitabu kilichoweka maneno ya wazee kando ya maandishi ya Wajerumani. Tasnifu yake ikatimia mwaka 1973.

Wazee walisimulia kwamba Kinjikitile alizama mtoni, akatoka kesho yake nguo zake zikiwa kavu. Mwenye haraka angalicheka na kulifuta. Gwassa alilipima kwa swali jingine: habari ile iliwafanyia nini watu wasiokuwa na mfalme mmoja? Akaona kwamba iliwaunganisha.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya mwaka 1969, alikuwa na ruhusa ya kubuni. Mwanahistoria hanayo. Amana yake ni kumrudishia marehemu kilicho chake, pasipo kumpunguzia wala kumwongezea.