Lau Zingalibaki na Mizinga

Miaka yote niliyofundisha historia, niliwakataza wanafunzi kuuliza, "Ingalikuwaje lau?" Nikiwajibu: ningalijua huja mwisho. Leo, uzeeni, nakiri kuwa nilikosea.

Tazama kruza nyepesi za Marekani za aina ya Cleveland, manowari za mbio na mizinga. Mwaka 1941 Rais Roosevelt alipendekeza baadhi yake zigeuzwe ziwe za kubebea ndege. Wakuu wa jeshi la maji walikataa. Baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, waliafiki. Meli tisa zilizokuwa zikiundwa Camden, New Jersey, zikavikwa sitaha ya ndege, nyembamba kweli, na zote zikaingia kazini mwaka 1943.

Juni 1944, katika vita vya Bahari ya Ufilipino, Marekani ilikuwa na meli 15 kubwa na ndogo za kubebea ndege. Nane zilikuwa hizo. Lau wakuu wale wangalishikilia neno lao, zingalikuwa saba, dhidi ya tisa za Japani.

Bila "lau", uzito wa uamuzi ule hauonekani. Wanafunzi wangu, niwieni radhi.