Bingwa Aliyetakiwa Anyamaze

Tarehe 26 Desemba 1908, mjini Sydney, polisi waliingilia kati pambano la ndondi katika raundi ya 14, na kamera zikazimwa. Jack Johnson, Mmarekani mweusi, alikuwa akimtwanga bingwa mzungu Tommy Burns, na picha za kuanguka kwa Burns hazikutakiwa zizunguke duniani. Johnson akatangazwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, lakini watazamaji wa sinema hawakuiona dakika yenyewe.

Mwaka 1910 Jim Jeffries, bondia mzungu aliyekuwa amekwisha kustaafu, akaombwa arudi ulingoni kuurejesha ubingwa kwa weupe. Johnson alimmaliza huko Reno, Nevada, tarehe 4 Julai, katika raundi ya 15. Fujo zikazuka Marekani kote na watu weusi wakauawa. Miji na majimbo mengi yakapiga marufuku filamu ya pambano hilo. Afrika Kusini nayo ikaikataza. Mwaka 1912 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuzuia filamu za ndondi kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Ilifutwa mwaka 1940.

Hapo ndipo ilipoanzia safari ya mwanamichezo mweusi kwenye sinema: alifichwa kwanza, sifa zikaja baadaye. Na sinema ilipokubali kumsifu, ilimwekea sharti.

Sharti hilo liko wazi katika The Jackie Robinson Story ya mwaka 1950. Robinson, aliyevunja ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli Aprili 15, 1947 akiichezea Brooklyn Dodgers, aliigiza humo maisha yake mwenyewe. Anatukanwa, anameza, anashinda. Branch Rickey, bosi mzungu wa timu, anamtaka asirudishe ngumi, naye anatii. Mwishoni anaonekana Washington akihutubia kuhusu demokrasia. Hotuba ya kweli aliitoa Julai 1949, mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti na iliyomwita ampinge mwimbaji Paul Robeson. Lakini siku hiyo Robinson alisema pia kwamba mtu mweusi anachukia ubaguzi kwa sababu unamuumiza, wala hahitaji mkomunisti amchochee. Maneno hayo yakaachwa nje.

Kikaachwa pia kisa kikubwa zaidi. Mwaka 1944, Robinson akiwa luteni wa jeshi katika kambi ya Camp Hood, Texas, dereva wa basi alimwamuru ahamie viti vya nyuma. Hakuinuka. Akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akashinda kesi. Mtu huyu asiyetii hakupata filamu yake hadi 1990, katika The Court-Martial of Jackie Robinson, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Ruby Dee, aliyeigiza kama mke wa Robinson mwaka 1950, sasa aliigiza kama mama yake. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Filamu iitwayo 42, ya mwaka 2013, ina ujasiri zaidi. Meneja wa timu ya Philadelphia, Ben Chapman, anaporomosha matusi ya rangi mfululizo, na mtazamaji halindwi asiyasikie. Robinson, akiigizwa na Chadwick Boseman, anaingia kwenye ujia ulio nyuma ya benchi la wachezaji, anapiga gongo ukutani hadi linavunjika, analia. Hatimaye hasira inaonekana! Ila anayemfuata kumtuliza ni Rickey. Hata pale uchungu unapomfika mtu mweusi kooni, mzungu ndiye anayepewa maneno ya hekima, na hilo linapunguza uzito wa tukio zuri mno.

Kisha hadithi inakomea kwenye msimu wa 1947, ilhali Robinson hakuacha kudai. Oktoba 15, 1972, akiwa mgonjwa na macho yakimfifia, aliheshimiwa uwanjani Cincinnati katika fainali za besiboli. Alishukuru, kisha akasema angefurahi zaidi siku atakapoona uso mweusi ukiongoza timu kama meneja. Alifariki siku tisa baadaye. Meneja wa kwanza mweusi katika ligi kuu, Frank Robinson, alianza kazi Cleveland mwaka 1975.