Kitabu Kimoja, Wasomaji Wawili

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, walikutana Mganda Simeoni Nsibambi na Joe Church, tabibu Mwingereza wa Gahini nchini Rwanda, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Baadaye kulizuka uamsho ambao wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka.

Mafundisho yao yalikuwa mepesi kuyasema, mazito kuyatimiza: ubatizo na cheo havitoshi, sharti kila mtu atubu mwenyewe na kuziungama dhambi zake hadharani. Mwaka 1941 mafundisho hayo yaligongana na mamlaka katika chuo cha uchungaji cha Mukono. Wanafunzi waliamka alfajiri kusali na kuhubiri, wakawashutumu walimu kwa kulegeza neno la Maandiko. Mkuu wa chuo akaipiga marufuku mikutano hiyo. Wanafunzi 26, wakiongozwa na William Nagenda, walikataa kutii, wakafukuzwa.

Yafaa tukumbuke kwamba pande zote mbili zilishika kitabu kimoja, kilichokwisha kutafsiriwa chote kwa Kiganda tangu 1896. Ugomvi ulikuwa juu ya msomaji: je, mwenye kukieleza ni askofu na mwalimu tu, au hata mkulima aliyeguswa moyoni? Wakuu walihofia fujo na majivuno. Balokole walihofia dini ya mazoea. Hofu zote mbili zilikuwa na sababu.

Hata hivyo, wengi wa Balokole hawakujitenga. Mwaka 1966 mmoja wao, Erica Sabiti, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu mkuu wa Kanisa lile lile.