Bi Swafiya na walimu wa chekechea: kutoka Mombasa hadi Mtwara

Leo tuyaache mapishi kidogo, tuzungumze historia, tena ya wanawake wenzetu.

Mwaka 1982 iligunduliwa gesi Mnazi Bay, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma. Hilo kila mtu wa Mtwara analijua. Mwaka huohuo, Mombasa, viongozi wa Kiislamu wa pwani walipeleka kilio kwa Aga Khan: watoto wao wanasoma Qur'ani chuoni, lakini wakiingia darasa la kwanza wanaachwa nyuma. Walitaka mtoto afanikiwe skuli bila ya kuvuliwa dini na mila zake.

Kazi hiyo aliishika mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Alichanganya mafunzo ya dini, nyimbo na hadithi za Kiswahili, na mbinu za HighScope kutoka Marekani, ambako mtoto hujifunza kwa kuchagua na kutenda mwenyewe. Vifaa? Vifuu, vizibo vya soda, makombe ya pwani, mchanga. Vitu ambavyo sisi huvifagia uani!

Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda 1993. Baadaye skuli zake zilipindukia 200 katika nchi hizo tatu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye siri. Kituo hakikwenda kumjengea mtu skuli. Wanajamii waliomba wenyewe, wakatoa chumba, wakaunda kamati, wakachagua wasichana na kina mama wa mtaani wapelekwe mafunzoni. Wengi wao hawakuwa na cheti chochote cha ualimu. Mkataba ukaandikwa, kila upande ukajua wajibu wake. Na mwalimu akishafunzwa hakuachwa: mkufunzi alimfuata darasani, akakaa naye, akamrekebisha, kwa muda wa miaka miwili hivi. Semina ya siku tatu yenye chai na sambusa haiwezi kufanya hayo, tusidanganyane. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha watoto wa skuli hizi waliwapita katika vipimo vya akili wale waliobaki nyumbani, na hata wa chekechea nyengine.

Kusini je? Sera ya elimu ya Tanzania ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wake kuwa wa lazima. Ada zilipofutwa, madarasa yakafurika. Lakini darasa la awali mara nyingi alipewa mwalimu yeyote wa msingi aliyekuwa na nafasi, kana kwamba kumlea mtoto wa miaka mitano ni kazi ya kujipumzisha.

Ndipo ushirikiano ukarudi kwa sura nyengine. Katika miaka ya 2010, Aga Khan Foundation na Chuo Kikuu cha Aga Khan, kwa fedha za Kanada, walifanya kazi na serikali mikoa ya Lindi na Mtwara kuwanoa walimu waliokwishakuwa kazini. Safari hii mshirika mkuu alikuwa serikali, si kamati ya msikiti. Faida yake ni kuwafikia wengi. Hasara, kwa maoni yangu, ni kwamba mama wa Msimbati au Mikindani hana tena mkataba mkononi wa kumuuliza mtu.

Na kuna watoto wanaofika darasani na Kimakonde chao tu. Mwalimu aliyezaliwa hapohapo kijijini humpokea kwa lugha ya nyumbani, kisha akamvusha taratibu kwenye Kiswahili. Aliyehamishiwa kutoka mbali ataanzia wapi?

Kumbakisha huyo wa kijijini ndiyo shida. Chekechea za jamii huwalipa walimu kwa ada za wazazi, na mzazi wa Mtwara hutegemea korosho, ambayo huvunwa mwisho wa mwaka. Ifikapo Mei, mwalimu aliyefunzwa kwa miaka miwili hutazama mkoba wake mtupu, na skuli ya mjini yenye mshahara inamwita.