Hesabu katika Masomo ya Ngumbaru Kakamega

Mwalimu wa hesabu wa ngumbaru, yaani elimu ya watu wazima, hajawahi kuwa na cheo chake peke yake Kakamega. Tangu mwanzo, somo hilo limeshikwa na mwalimu yuleyule wa kusoma na kuandika, na aghalabu limekuwa la pili. Mpangilio huo ulianzia misheni. Wamisionari wa Friends (Quaker) walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakaanza Mumias mwaka 1904, na Waanglikana wakajenga Butere mwaka 1912. Kwa Waprotestanti hasa, kusoma kulikuwa njia ya kuelekea ubatizo. Hesabu ilitosha ikimwezesha mtu kupata sura na aya za Biblia.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, ilileta mambo ya kuhesabiwa bila kuleta mwalimu. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu, kisha mwaka 1921 shilingi ikachukua nafasi ya fedha za awali. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wanaume wengi waliingia kazini migodini. Katika ajira za wakati huo, kibarua alipewa tikiti ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku aliyokosa haikuhesabiwa, hivyo tikiti moja ingeweza kupita mwezi wa kalenda. Asiyeweza kuzifuata alama hizo alimtegemea karani kujua anadai nini.

Baada ya uhuru elimu ya watu wazima iliwekewa sheria. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa mwaka 1966, lakini msukumo mkubwa ulikuja Desemba 1978, Rais Daniel arap Moi alipoagiza ujinga wa kutojua kusoma ufutwe. Mwaka uliofuata idara maalumu ilianzishwa, walimu wapatao 3,000 wakaajiriwa, na zaidi ya watu 400,000 wakajiandikisha nchini kote, wengi wao wanawake. Ndipo masomo ya ngumbaru yalipoenea vijijini, katika madarasa ya shule za msingi baada ya watoto kwenda nyumbani, makanisani na chini ya miti.

Walimu walikuwa wa aina tatu: wa kudumu wenye mshahara, wa muda waliopewa posho ndogo, na wa kujitolea. Mwalimu alitafuta wanafunzi mwenyewe, akipitia baraza la chifu na vikundi vya akina mama. Aliweka rejista, akawatayarisha wanafunzi kwa mtihani wa idara, na kupeleka ripoti kwa afisa wa tarafa. Ripoti hizo zilijali zaidi idadi ya waliohudhuria kuliko walichojifunza.

Darasani kazi ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Mama aliyeuza mahindi kwa kipimo cha gorogoro sokoni alijua kujumlisha na kurudisha chenji kichwani, pengine upesi kuliko mwalimu wake. Alichokosa ni maandishi: kujua kwamba 5 katika 50 na 5 katika 500 hazilingani, kupanga tarakimu katika safu, kusoma mizani na kalenda. Mwalimu aliyemwanzisha kwa "moja na moja" kama mtoto alimpoteza baada ya wiki chache. Mwalimu mzuri alianza na hesabu ambayo mama huyo tayari aliifanya, kisha akaonyesha jinsi inavyoandikwa.

Hitaji hilo lilikuwa kali zaidi Mumias. Kampuni ya sukari iliundwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973. Miwa ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa, ikapimwa kwa tani kwenye mizani ya kiwanda, mbali na shamba. Malipo yalikuja na karatasi ya makato: kulima, mbegu, mbolea, kukata, usafiri na riba. Kuielewa kulihitaji kuzidisha tani kwa bei, kutoa kila kato, na kujua asilimia. Hakuna kitabu cha ngumbaru kilichoweza kulishinda somo la karatasi hiyo moja.

Kampeni ya kufuta ujinga ilififia katika miaka ya 1990, serikali ilipobana ajira na walimu waliostaafu wakakosa warithi. Kufikia mwisho wa muongo huo wanafunzi nchini walikuwa kama 100,000. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulipima hesabu pamoja na kusoma, na ukakuta kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima hawakufikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Mwaka uliofuata M-PESA, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza. Namba ya siri, salio na ada ya kutoa pesa zikawa mambo ya kila siku hata kwa asiyekanyaga darasani, na wengi walijifunza tarakimu kwa wakala au kwa mjukuu.

Serikali ya Kaunti ya Kakamega, iliyoanza kazi mwaka 2013, ilikabidhiwa shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ngumbaru ilibaki chini ya serikali kuu, na mwalimu wake bado anashika kusoma, kuandika na hesabu peke yake.