Karabai, mwezi na ziwa

Wazee wetu wa Kigoma walijua zamani: taa inamwita dagaa. Walianza na moto wa kuni kwenye mitumbwi, kisha miaka ya 1950 zikaja karabai. Mwezi ukiwa mpevu walipumzika, maana mwanga ukijaa ziwa zima dagaa hawakusanyiki.

Huku Marekani, mwezi wetu ni mji wenyewe, na hauzami. Mwaka 2000 Marianne Moore na wenzake walitoa utafiti wao wa Ziwa Waban, karibu na Boston. Dafnia, vijidudu vinavyokula mwani, hupanda juu usiku, samaki wasivione. Mwanga wa mji ukizidi, vinapanda vichache, tena haviji juu sana. Mwani usipoliwa unaweza kuzidi, maji yakaharibika.

Mvuvi akirudi pwani alizima karabai. Na sisi jamani, taa za uani tukienda kulala, tuzime.